Vijiji vya Ukingoni

Taarifa ilifika saa tatu asubuhi ya Jumanne, chai yangu ya rangi ikiwa haijapoa. Mgonjwa Tumwitike, mwalimu wa shule ya msingi huko Kyela, amefariki dunia. Sampuli zake ziteketezwe. Mstari mmoja na nusu, na chini yake kitufe cha kijani kilichoandikwa "Nimepokea".

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kubonyeza kitufe hicho. Nilikuwa na cheo kirefu, Msimamizi wa Uteketezaji wa Sampuli, lakini ukikivua koti, cheo hicho kilimaanisha mama wa miaka hamsini na minane anayekaa karibu na tanuri la mvuke na kuhakikisha sahani zilizokwisha kazi zinachemshwa mpaka kila kilicho hai ndani yake kife. Kabla ya hapo nilisimama miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya maabara ya Kilele, juu ya mji wa Mbeya, nikichukua vimelea kwa kitanzi cha waya. Halafu akaja Mdonoaji, mashine ya kudonoa vimelea kwa sindano, mikono ya watu ikapumzishwa, na mimi nikaletewa kiti chenye magurudumu.

Mwalimu Tumwitike nilimjua kwa jina tu. Sampuli yake ilikuwa imefika Kilele mara tatu katika miezi miwili. Mara tatu alishonewa dawa, mara tatu akapata nafuu ya siku tano sita, halafu homa ikarudi na nguvu zaidi. Nasema alishonewa kwa sababu ndivyo watu walivyosema. Dawa za zamani za kununua dukani, kidonge kimoja kwa kila mtu, vimelea vilikuwa vimeshazizoea na kuzidharau. Sasa kila mgonjwa alichukuliwa usaha wake au damu yake, ukapandwa kwenye sahani yenye chakula cha vimelea, na kilichoota kikachukuliwa ili kipikiwe adui wake mahususi. Kama nguo ya kupimwa kwa fundi. Asubuhi kinadonolewa, jioni dawa iko kwenye mshipa.

Sikubonyeza kitufe. Sijui kwa nini siku ile hasa. Labda ni kwa sababu mdogo wangu Anyosisye alikuwa amelala wadi namba nne, hospitali iliyo chini kidogo ya kilima chetu, na sahani yake mwenyewe ilikuwa ndani ya kiatamizi, kule kwenye joto, ikisubiri kudonolewa kesho yake saa tano. Niliichomoa sahani ya marehemu kwenye rafu ya kuchemshwa, nikaipeleka dirishani.

Kwenye vitabu, vile vidoa vinavyoota juu ya sahani huitwa makoloni. Sisi wa Kilele tuliviita vijiji, maana mwalimu wetu Gwamaka alisema neno koloni linamharibia hamu ya kula. Kila kidoa ni kijiji kweli: mamilioni ya vimelea vilivyozaliwa na kimoja. Katikati ya sahani ile palikuwa na vijiji vinene vya rangi ya siagi, na kila kimoja kilikuwa na kitundu kidogo, pale sindano ya Mdonoaji ilipodonoa. Kazi safi. Lakini ukingoni, upande mmoja, kulikuwa na upinde wa vijidoa vidogo kama punje za ulezi. Nilihesabu arobaini na viwili. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kitundu.

Mashine isiyopepesa macho, inayoona kitu kidogo kuliko ncha ya sindano, ilikuwa imevipita vyote arobaini na viwili kama haikuviona. Niliujua ule mwendo. Mtu hawezi kukosea mwandiko wake mwenyewe.

*

Nilipoanza kazi Kilele ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Kiatamizi kilizimika, kikawaka, kikazimika. Joto likipanda na kushuka namna ile, vifuniko vya sahani hutoa jasho, matone yakateremka pembeni, na kila tone likaacha uchafu wake ukaota. Vijidoa vidogo, ukingoni. Mwalimu Gwamaka alitufundisha sentensi moja: vya ukingoni ni vya maji, viache. Hatukuiandika popote. Iliingia vidoleni kama vile mtu anavyojua kupepeta mchele bila kuelezwa.

Umeme ulikuja kutulia, mgao ukabaki hadithi ya kuwachosha watoto. Vifuniko vikaacha kutoa jasho. Vidole vyangu havikupewa taarifa.

Halafu wakaja waliounda Mdonoaji. Walikuwa wanatafuta mkono wa kuifundisha, na Kilele ikanitaja mimi. Kwa miezi kumi na mmoja nilivaa glavu nyeusi yenye nyaya nyembamba, kamera mbili zikinichungulia begani, nikadonoa sahani elfu sitini. Mashine ilijifunza wapi ninasita, wapi ninaenda haraka, kipi ninachagua kati ya mapacha wawili. Walichopata wakakiita Mkono, na Mkono huo mmoja ukawekwa kwenye maabara mia mbili na kumi na mbili, kutoka Mbeya hadi Kitwe na Bujumbura. Sikulala siku waliponipa habari. Nilijiona nimeongezewa maisha.

Na Mdonoaji hapandi sampuli kama tulivyopanda sisi. Huizungusha sahani kwa kasi ili usaha usambae, na vimelea vile vinavyokua polepole husukumwa nje mpaka ukingoni. Vikaota pale pale ambapo mkono wangu uliapa kutogusa.

*

"Shikamoo, Mama," alisema Kokusima, mhandisi wetu wa Mdonoaji, binti wa Bukoba ambaye hakuwahi kuonekana bila kalamu mbili nywelani.

"Marahaba. Hebu angalia hapa ukingoni."

Akaiinua sahani kwenye mwanga. "Uchafu huu. Mkono unajua kuuacha."

"Nani kakwambia ni uchafu?"

Akacheka kidogo. "Si wewe, Mama? Mkono ni wa kwako."

Nilifungua droo yangu, nikatoa kitanzi changu cha zamani, nikakichoma kwenye moto, nikachukua punje moja ya ulezi. Tuliiweka kwenye kisomaji, chombo cha kutambua aina ya kimelea. Dakika arobaini za kusubiri nilizitumia kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Majibu yakaja: si uchafu wa maji. Ni kimelea kile kile cha katikati, ila ni cha aina iliyojifunza kukua polepole na kujificha ndani ya mfupa. Mzizi wa ugonjwa wenyewe.

Kokusima alisogea kwenye kioo cha kompyuta yake. Alivuta picha za sahani zote za siku iliyotangulia kutoka maabara zote, elfu moja mia moja na arobaini, tukazipitia wawili mpaka saa nane mchana. Thelathini na nne zilikuwa na upinde ule. Thelathini na nne, na hakuna hata mmoja uliodonolewa.

"Kwa nini hukutuambia kuna kanuni kama hiyo?" aliuliza. Hakuwa na ukali. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nao.

"Hamkuniuliza, mwanangu. Mlinivalisha glavu mkasema, Mama, fanya kazi kama kawaida. Nami nilikuwa sijui kama nina kanuni. Nilidhani nina uzoefu."

"Basi tuifute hiyo moja..." Alijijibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa. Mkono hauna orodha ya kanuni ambayo mtu angeikata mstari. Ni kama chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kuiva: iko kila mahali, na huwezi kuitoa kwa kijiko. Ulihitajika Mkono mpya, na Kokusima alipiga hesabu akapata siku tisa.

"Tuufundishe pembeni, huu uendelee na kazi," alisema. "Tisini na saba kati ya mia wanapona. Ukizimwa, maabara zote zinasimama. Wangapi wanaweza kungoja siku tisa?"

"Na wale watatu?"

"Watatu..." Hakumaliza.

Nilimalizia mimi. Wale watatu hawakuwa wanakosa dawa tu. Tulikuwa tunawaua sisi. Dawa ya kushona ilisafisha vijiji vinene, ikaacha shamba tupu kwa vile vya polepole, sawa na mtu anayepalilia akang'oa mahindi na kuyaacha magugu. Bila dawa yetu Mwalimu Tumwitike angeweza kukaa miezi na homa yake ndogo, akiuguzwa, mpaka mtu aione ile punje ya ulezi. Kwa dawa yetu alikwenda wiki nane.

Na kulikuwa na Sheria ya Mikono. Bunge liliipitisha baada ya mafundi cherehani na madereva kulalamika: mtu yeyote ambaye ufundi wake umefundishia mashine anaweza kuuondoa wakati wowote, na hakuna wa kumpinga. Si Kokusima, si mkurugenzi, si waliounda Mdonoaji. Mimi peke yangu, kwa sentensi moja, ningeweza kusimamisha mashine mia mbili na kumi na mbili, na mpaka niiseme, hakuna dawa iliyokwisha kutoka ambayo ingeweza kurudishwa. Na nilijua kwamba ndilo la kufanya. Nalisema hili mapema ili msinitafutie udhuru: nilijua saa nane na robo mchana, siku ya Jumanne, nikiwa nimesimama, nikiwa na akili zangu zote.

Lakini kulikuwa na mashine nyingine, Mpishi, inayopika dawa. Mpishi hupokea trei yenye muhuri wa Mdonoaji tu. Trei ya kudonolewa na binadamu ingehitaji kibali, na vibali mnavijua. Nikiuondoa mkono saa ile, sahani ya Anyosisye ingetoka kwenye joto kesho saa tano ikakuta mlango umefungwa.

Watu husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mpaka dakika ile nilikuwa naongea juu ya mia na watatu kama mtu wa takwimu.

"Nipe mpaka kesho saa saba mchana," nilimwambia Kokusima. "Nataka kuhakikisha zaidi."

Kwenye kioo chake kulikuwa na orodha ya sahani za kesho. Jina la Anyosisye lilikuwa la tisa, na jina la baba yetu, Gwakisa, likifuata, lile lile lililoandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu. Aliliangalia. Akaniangalia. Macho yake yalijaa maji, akageukia ukutani kama mtu anayetafuta soketi ya umeme.

"Hakikisha, Mama," alisema.

*

Wadi namba nne ilinuka sabuni, na chini ya sabuni, mguu wa mdogo wangu. Anyosisye ni mkulima wa viazi kule Isyonje, na miezi mitatu nyuma jembe lilimteleza likamkata chini ya goti. Alipaka majivu, akafunga kitambaa, akaendelea kuvuna, maana ndivyo alivyo. Kidonda kiliingia mfupani.

Mkewe Bupe alisimama kunipa kiti. "Wifi, karibu. Umekula?"

"Nimekula," nilidanganya. Siku hiyo niliyaanza mazoezi ya kudanganya mapema.

"Dada!" Anyosisye alikuwa anatokwa jasho mpaka mto umelowa, lakini mdomo wake haukuugua hata siku moja. "Huyo Mdonoaji wenu anadonoa kama kuku wa Bupe? Maana wale wanadonoa mpaka mboga yangu."

"Anadonoa vizuri."

"Nimemwambia daktari, huyo aliyeifundisha mashine ni tumbo moja na mimi. Akasema basi nimepona tayari." Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, Bupe akamshika mabega.

Daktari alinivuta pembeni, kwenye korido. Aliniambia homa inapanda kila jioni. Aliniambia kwamba bila dawa amebakiwa na "siku mbili", na akarudia, kana kwamba sikusikia mara ya kwanza.

Nilirudi nikakaa. Bupe alikuwa ametoka kwenda kuchota maji ya moto. Tulikuwa wawili tu, mimi na Anyosisye, macho yake yamefumbwa lakini yuko macho. Nilikuwa na swali mdomoni, limekamilika, lina mwanzo na mwisho: Anyosi, nikikungoja mpaka kesho, kuna watu wengine wataumia, nifanyeje? Nililishika swali lile kwa muda wa kumenya chungwa zima. Nikampa chungwa.

"Ndaga fijo, dada," alisema kwa Kinyakyusa, kama alivyokuwa akimshukuru mama yetu.

Niliondoka kabla Bupe hajarudi.

*

Jumatano saa tano kasoro dakika tano nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha chumba cha Mdonoaji. Kokusima alikuwa upande wa pili wa chumba akijifanya anasoma. Kwa dakika ile mashine ilikuwa inadonoa sahani ya nane, vidole tisini na sita vya chuma vikishuka na kupanda: vinadonoa, vinachovya kwenye trei, vinachomwa, vinapoa, vinashuka tena. Kila kituo kidogo, kila kusita, kulikuwa kwangu. Mtu akitaka kujua nilivyokuwa nikiwa na miaka hamsini, atazame pale.

Sahani ya tisa ikaingia. Niliwasha picha yake kubwa, nikasogeza uso mpaka pumzi yangu ikakiweka ukungu kioo. Katikati, vijiji kumi na vinne vinene. Ukingoni, hakuna kitu. Nikazungusha picha mara moja, mara mbili, mara tatu. Safi kama kiganja cha mtoto. Anyosisye alikuwa mmoja wa wale tisini na saba.

Nililia kwa furaha. Nataka hilo nalo lijulikane.

Trei ilikwenda kwa Mpishi saa sita. Saa saba kamili niliketi mbele ya kioo cha kompyuta kilichounganishwa na mahakama, nikaweka vidole kumi pale vinapowekwa, nikasema sentensi inayotakiwa na sheria: "Mimi, Tusekile binti Gwakisa, nauondoa mkono wangu." Nyuma yangu, ile sauti ya vidole vya chuma, ambayo tulikuwa tumeizoea mpaka hatuisikii, ilikatika. Vilisimama hewani, vingine vikiwa na vijiji vya watu kwenye ncha.

Dawa za watu wenye upinde ambazo hazijaingia mwilini zilirudishwa, zote. Simu zilipigwa mpaka sauti zikakauka. Wale waliochomwa sindano ya dawa kati ya saa nane na robo ya Jumanne na saa saba ya Jumatano hawakuwa na cha kurudishiwa. Orodha yao ilinifikia Ijumaa. Walikuwa kumi na tisa.

*

Siku tisa zile sitazisimulia sana. Kibali cha kudonoa kwa mkono kilitoka siku ya nne. Tuliitwa wastaafu kumi na mmoja, wengine wakija na miwani minene kama vitako vya chupa, tukakaa mezani kama zamani. Wengine walikufa wakisubiri, na kwa hao kuna watu walinilaumu hadharani, na magazetini niliitwa mwanamke aliyezima hospitali. Lawama ile niliipokea bila shida. Ilikuwa ya jambo nililofanya sawa, na ukibebeshwa mzigo usio wako unajua walau mahali pa kuushusha.

Mkono mpya nikaufundisha, safari hii nikisema kwa sauti kila ninachofanya na kwa nini. Waliotaka kujua kwa nini nilingoja saa ishirini na tatu waliambiwa nilikuwa nahakikisha. Kokusima alisema hivyo kwenye kamati, bila mimi kumwomba, kisha akaomba uhamisho. Hatukuagana.

Kati ya wale kumi na tisa, kumi na saba walifariki ndani ya mwezi. Nimejifunza majina yote. Kuna binti wa Kitwe aliyekuwa anasomea uhazili. Kuna fundi saa wa Bujumbura. Kuna mama na mwanawe wa wiki tatu, waliohesabiwa kama wawili.

Anyosisye alipona.

Mwezi wa sita alinitumia ujumbe: Jumapili kuna ibada ya shukrani kanisani kwetu Isyonje, njoo, utasimama na mimi mbele. Nilijibu nina kazi. Akamtuma Bupe kunipigia. "Wifi, usipokuja atakuja kukubeba, na mguu wenyewe ndio huo," alisema Bupe, na nilisikia jinsi alivyokuwa na furaha, nikashindwa.

Nilifika asubuhi na ukungu. Uwanja wa kanisa la Moravian ulikuwa umejaa watu waliovaa masweta ya Jumapili, na karibu na mlango kulikuwa na gunia la viazi, jogoo amefungwa miguu, na debe la maharage: vitu vya Anyosisye vya kutoa madhabahuni, ambavyo baada ya ibada vingenadiwa kwa vicheko kama kawaida. Yeye mwenyewe alikuwa anakuja kwa fimbo, anachechemea, suti ya harusi yake inampwaya.

"Mchungaji atakuita kwa jina," alisema. "Usiseme mengi. Sema tu Mungu alitumia mkono wako."

"Siwezi kusimama, Anyosi."

"Umeanza lini kuona aibu wewe?"

Nilimvuta mpaka kwenye benchi nyuma ya jiko la kanisa, ambako akina mama walikuwa wanachemsha chai. Nilimwambia yote. Sikupamba. Nilimwambia punje za ulezi, nilimwambia saa nane na robo, nilimwambia jina la tisa kwenye orodha, nilimwambia kumi na tisa na kumi na saba. Nilimwambia kwamba nilimpenda kuliko haki, na kwamba nikirudishwa pale pale sijui kama nitafanya tofauti, na hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Alisikiliza akiushika mguu wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa ni wa kuazima. Jikoni mtu aliangusha kifuniko cha sufuria, wakacheka.

"Ulipokuja wadini ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua."

"Ukanimenyea chungwa."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza, dada."

"Ulikuwa unaungua na homa."

"Ungeniuliza." Hakupaza sauti. "Niliongea upuuzi wa kuku pale, akili ninazo. Ungeniuliza."

"Niliogopa ungesema nisikungoje."

Akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima kuliko mimi. "Ningesema uningoje. Watoto wanne, mguu unanuka, ningesema uningoje bila hata kufikiri. Ndiyo maana ungeniuliza. Tungekuwa wawili. Sasa umebeba peke yako, na mimi miezi yote hii umeniacha naimba."

Nililia, na yeye akalia, na hatukushikana.

Kwaya ilianza. Bupe alikuja mpaka kwenye kona ya jiko akatuita, "Jamani, mchungaji amekwisha kuingia," akatuona, akanyamaza, akarudi polepole.

"Majina unayo?" aliuliza Anyosisye.

"Ninayo kichwani."

"Nitajie."

Nikaanza na binti wa Kitwe. Kila nililolitaja alilirudia kwa sauti ndogo, mengine akiyakosea, mpaka ayatamke sawa ndipo aniruhusu kuendelea. Ndani waliliita jina lake mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Tulikuwa tumefika la saba.